Kuhamia Nyumba ya Mawe Mkomani: Pima Intaneti Kabla ya Kutoa Amana

Swali: "Assalam alaikum. Tunaishi Malindi, mtaa wa Barani, na nyumbani tuna faiba ya 15 Mbps inayotutosha. Mume wangu amehamishiwa Lamu, na mwezi ujao tunahama. Tumeona nyumba ya mawe ya ghorofa mbili Mkomani, kodi yake tunaimudu, ila bado hatujalipa amana. Mimi nasomesha Kiswahili kwa wageni kwa njia ya video. Wanafunzi wengi wako Marekani, kwa hivyo kazi yangu ni saa mbili usiku hadi saa tano. Watoto ni watatu. Mwenye nyumba anasema intaneti ipo. Je, nihamishe faiba yetu, ninunue Starlink au nichukue modemu ya 5G? Na kasi gani itanitosha?"

Waalaikum salaam, dada. Nafurahi kwamba amana bado iko mkononi mwako, maana sehemu kubwa ya jibu langu inategemea hilo. Wengi huchagua nyumba, wakahamisha vyombo, wakapanga makabati, ndipo wakaanza kuuliza kampuni gani inafika pale. Anayetazama filamu tu atavumilia. Wewe riziki yako inapita huko, na nyumba nzuri isiyopitisha mawimbi itakutia hasara kila jioni.

Tuanze na mwenye nyumba. Anaposema intaneti ipo, huenda ana maana kwamba simu yake inashika mtandao akiwa juu ya paa. Huenda pia mpangaji aliyetoka aliwahi kuvuta faiba na waya bado unaning'inia. Au yeye mwenyewe ana rauta nyumba ya pili na yuko tayari kukupa nywila. Hili la mwisho ni ukarimu, nawe mshukuru, lakini usilijengee kazi: siku akisahau kulipa, au wajukuu wakija likizo, darasa lako limekufa. Muulize waziwazi ni lipi kati ya hayo, kisha umwombe akufungulie nyumba mara mbili kwa siku moja, mchana na saa mbili usiku.

Sasa faiba yako ya Malindi. Kinachohama ni akaunti, na pengine rauta. Waya unabaki palepale Barani. Akaunti nayo haihami mpaka kampuni iwe na mtandao huko uendako, tena karibu na mlango wako hasa. Faiba hufika kwa nguzo na kwa kichochoro. Nyumba moja inayo, ya tatu kutoka hapo haina, kwa sababu kisanduku kinachogawa nyuzi kimejaa au waya umeishia kona. Ramani ya kampuni haitakuonyesha hilo, na ajenti wa mauzo ndiye wa mwisho kuulizwa, kwani analipwa kwa kila mteja anayemwandikisha, si kwa kila mteja anayeunganishwa. Tembea kichochoro kile mwenyewe. Inua macho utafute waya mwembamba mweusi unaoishia kwenye kisanduku kidogo ukutani. Bisha hodi kwa jirani aliye nao umuulize kampuni gani, inakatika mara ngapi, na ikikatika fundi anakuja baada ya siku ngapi. Hilo la mwisho lina uzito kwenye kisiwa. Ikiwa fundi anatoka bara, atapitia Mokowe na kupanda boti, na kama ndiye anayehudumia eneo zima hadi huko Witu, hitilafu ya Ijumaa yaweza kukusubirisha hadi Jumatatu.

Iwapo faiba ipo, bado kuna jambo la ukuta. Mji wa Kale wa Lamu umo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001, na majengo yake yanalindwa. Fundi aliyezoea nyumba za matofali atatoa drili na kutoboa popote palipo karibu. Usimruhusu. Kuta hizo ni mawe ya matumbawe na chokaa, na lipu yake ikishaanza kubanduka haikomi. Mwenye nyumba awasiliane kwanza na ofisi ya Makumbusho ya Taifa inayosimamia Mji wa Kale, na waya upite panapopita wa umeme au kwenye tundu la zamani. Ukilazimika kuambaa ukuta wa jirani au kupita chini ya wikio la mtu (chumba kinachovuka juu ya kichochoro), ombeni idhini mapema. Nimeona waya ukikatwa kwa mkasi kwa sababu tu hakuna aliyepiga hodi.

Na kama faiba haifiki, funga akaunti ya Malindi rasmi. Usiiache ijifie. Uliza kama ulikuwa na mkataba wa muda, kama rauta ni yao na inatakiwa irudishwe, na udai ujumbe wa maandishi unaothibitisha kwamba imefungwa. Usiifunge, lakini, kabla huduma ya Lamu haijawaka na kukaa imara kwa siku kadhaa. Kulipia nyumba mbili kwa wiki moja au mbili si kitu ukilinganisha na wanafunzi wanaokwenda kutafuta mwalimu mwengine.

Kuhusu kasi, watu wengi huuziwa wasichohitaji. Mbps ni megabiti kwa sekunde, na biti nane ndizo zinazofanya baiti moja. Kwa hivyo 15 Mbps ni kama megabaiti mbili pungufu kidogo kila sekunde. Darasa la video lenye picha safi linatumia megabiti 3 hadi 4 kwenda na kiasi hicho kurudi. Netflix ya picha ya HD inataka takriban 5. Mtoto mmoja kwenye filamu, mwengine kwenye katuni za YouTube, wewe darasani: 15 Mbps ya kweli inabeba. Hiyo unayo sasa na inakutosha, basi usikubali mtu akuambie Lamu unahitaji 80.

Angalia zaidi namba ambayo matangazo huiandika kwa herufi ndogo au huiacha kabisa: kasi ya kupakia, yaani ya kutoka kwako kwenda kwa mwanafunzi. Mtazamaji wa filamu anaishi kwa kupakua. Mwalimu anaishi kwa kupakia. Kwenye faiba namba hizo mbili mara nyingi hukaribiana. Kwenye mnara wa simu hupishana sana, unaweza kupata 40 ya kupakua na 2 ya kupakia, na hapo wewe utawaona wanafunzi vizuri kabisa huku wao wakikuona umeganda mdomo wazi. Namba ya tatu ni ucheleweshaji, yaani muda ambao data inachukua kwenda na kurudi, unaopimwa kwa milisekunde. Chini ya 100 mazungumzo yanakwenda bila kukatana kauli. Ikipanda na kushuka ovyo, hata kasi kubwa haitakusaidia.

Basi kipimo chenyewe kifanyike hivi. Chukua laini za mitandao miwili tofauti, azima kama huna. Nenda nyumba ile mchana, halafu urudi saa mbili usiku, saa ileile ya kazi yako. Simama chumba cha ndani kabisa, kisha msana (ukumbi ulio wazi kuelekea ua wa ndani), kisha juu ya paa, upime kila mahali na kuandika namba zote tatu. Usiku ndio wenye neno. Mnara wa simu ni sinia moja ya pilau: saa nane mchana mmekaa watatu na mnashiba, saa mbili usiku mtaa mzima umezunguka sinia ileile. Ajenti atakupeleka kupima saa nne asubuhi na kukuonyesha maajabu.

Hapa ndipo modemu ya 4G au 5G inapohukumiwa. Kwanza, 5G kwenye kisanduku haileti 5G mtaani: ikiwa mnara wa karibu hauna, modemu itashuka kwenye 4G na utakuwa umelipia jina. Pili, uliza kifurushi kinapunguzwa kasi ukishatumia gigabaiti ngapi. Darasa la video linakula gigabaiti moja hivi kwa saa kwa picha ya kawaida, na hadi tatu hivi kwa picha safi. Hata kwa ile moja, saa tatu kila usiku, siku tano kwa wiki, ni zaidi ya GB 60 kwa mwezi kwa kazi yako peke yake, kabla watoto hawajagusa kitu. Tatu, uliza kama laini imefungwa isifanye kazi nje ya eneo ilipoandikishwa, maana modemu iliyonunuliwa Malindi yaweza kugoma Lamu. Nne, modemu iwekwe juu, karibu na dirisha linaloelekea mnara. Kuiweka sebuleni chini kwa sababu ndipo penye soketi ni kuipofusha.

Sasa niingie ndani ya nyumba, maana hapo ndipo nyumba ya Mkomani inapotofautiana na ya Barani. Nyumba yako ya sasa, nadhani, ni ya matofali na rauta moja inatosha. Ukuta wa nyumba ya kale ya Lamu unakaribia nusu mita ya matumbawe na chokaa, na kwa kuwa chokaa hunywa unyevu wa bahari, mawimbi ya waifai yanamezwa humo. Sakafu nayo ni boriti, mawe na zege la chokaa juu yake. Rauta ya ghorofa ya chini haitafika ya juu, na hata chumba cha pili inaweza kufika ikiwa imechoka. Watu hulaumu kampuni, wakapandisha kifurushi kutoka 15 hadi 30, na chumbani bado ni megabiti mbili, kwa sababu kilichowanyima ni ukuta.

Kosa linalopendwa zaidi ni kuweka rauta ndani ya kidaka, lile shubaka la ukutani. Inapendeza, nakubali, imekaa kama chombo cha Kichina cha zamani. Lakini umeizungushia mawe pande tano. Itoe. Mahali pazuri ni msana unaotazama kiwanda, yaani ua wa ndani wa nyumba, kwa sababu kiwanda kiko wazi hadi juu na mawimbi hupanda kupitia uwazi huo bila kugombana na sakafu. Rauta nyingi zina mawimbi ya aina mbili: ya 2.4 GHz hupenya vizuri zaidi lakini ni ya polepole, ya 5 GHz ni ya kasi lakini hukatwa na ukuta wa kwanza. Zipe majina tofauti. Simu za watoto ziachie ya kwanza, na wewe ukiwa chumba kimoja na rauta tumia ya pili.

Ila mimi nisingesomesha kwa waifai kabisa. Vuta kebo ya mtandao kutoka kwenye rauta hadi meza yako ya kazi, uichomeke kwenye kompyuta. Kebo ya kawaida ya Cat6 inafika mita 100, na unaweza kuishusha au kuipandisha kupitia kiwanda, ikafungwa kando ya bomba la maji, bila kutoboa hata tundu moja. Mwisho wa kebo hiyo ghorofa ya pili unaweza kuweka rauta ndogo nyingine itakayotoa waifai ya juu. Vile vifaa vya kuchomeka kwenye soketi, vinavyopokea waifai na kuirusha tena, sivipendi kwa nyumba za mawe. Vinapokea mawimbi yaliyokwisha dhoofika na kuyarudisha dhaifu vilevile. Unaponunua kebo, kwangua ncha ya waya kwa kisu. Ikiwa ndani ni nyeupe, hiyo ni aluminiamu iliyopakwa shaba, na hewa ya chumvi ya Lamu haitaiachia muda mrefu. Taka shaba tupu, na ya kupita nje iwe na ganda jeusi linalostahimili jua. Vichwa vya nje vifungwe kwa utepe wa mpira. Kutu ya chumvi haionekani mpaka siku ya kukatika.

Sasa Starlink, intaneti ya setilaiti inayopokewa kwa dishi. Imeanza kuuzwa Kenya Julai 2023, na kwa visiwa na vijiji imebadilisha mambo. Setilaiti zake huzunguka takriban kilomita 550 juu, ilhali zile za zamani ziko karibu kilomita 36,000, ndiyo sababu mazungumzo ya video yanawezekana bila ule usubiri wa kukera. Haihitaji nguzo wala idhini ya jirani. Inachodai ni anga. Programu yao ya simu ina kipimo kinachotumia kamera kukuonyesha kama kuna kizuizi, na unaweza kukitumia bure kabla ya kununua chochote. Panda paani siku ileile ya kupima laini za simu. Mnazi mmoja unaoyumba na kusi unatosha kukukata sekunde chache kila baada ya dakika kadhaa. Kwa filamu hutagundua, kwa darasa utagundua.

Kabla ya kulipa, ingiza mahali pa Lamu kwenye tovuti yao uone kama wanapokea wateja. Novemba 2024 Nairobi na maeneo jirani yalijaa wakasitisha kuandikisha wateja wapya, na waliokwisha nunua dishi kwa watu walibaki wanalitazama. Ukipata la mkono wa pili Malindi kwa mtu anayefunga nyumba yake ya likizo, bei inaweza kuwa nzuri, lakini usimpe pesa mpaka aliondoe kwenye akaunti yake nawe uliandikishe kwenye yako mkiwa mmekaa pamoja. Dishi lililobaki kwa jina la mwengine ni sahani tu. Vifurushi vidogo, kama kile cha GB 50 walichokileta 2024, visikuvutie kwa bei. Tumeshaona hesabu yako ni zaidi ya 60.

Paani, dishi likae nyuma ya ukingo, lisionekane kutoka kichochoroni wala baharini. Hapo tena ni suala la Makumbusho, na kusema kweli ni suala la adabu ya mji pia. Kama paa ni la makuti, usilifunge kwenye makuti. Tafuta ukuta au nguzo.

Umeme nao. Lamu inapata umeme kwa laini ndefu inayotoka Rabai kupitia Malindi na Garsen, na hitilafu mahali popote njiani inakufikia. Uzuri wa faiba ni kwamba kati ya kituo cha kampuni na nyumba yako hakuna kifaa cha njiani kinachohitaji umeme. Ukiiwasha rauta yako, mara nyingi intaneti inaendelea. Rauta inakula wati 10 hivi, na kile kibetri kidogo cha volti 12 kinachouzwa madukani kwa ajili ya rauta kitakumalizia darasa zima. Dishi la kawaida la Starlink linakula wati 75 hadi 100, na hilo linataka inveta na betri ya maana. Dishi dogo linakula wati 25 hadi 40, nalo kwa kazi yako linatosha. Kama mtakuwa na sola nyumbani, hesabuni hilo mapema na fundi wa sola, msimshtukize baadaye.

Kwa hiyo ningepanga hivi. Kama jirani wa ukuta kwa ukuta ana faiba na anaisifu, chukua faiba ya 15 na uweke laini ya simu ya kampuni nyingine kama akiba, yenye bando dogo unalolianzisha siku ya shida tu. Kama faiba haipo na paa liko wazi, Starlink ndogo iwe ya kwanza na laini ya simu iwe ya akiba. Modemu peke yake ningeikubali ikiwa tu kipimo cha saa mbili usiku kimekupa angalau megabiti 5 za kupakia, kwa siku mbili tofauti.

Akiba isiwe ya kampuni ileile, ingawa hata hivyo haitakuokoa kila siku. Mei 12, 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilikatika na Kenya nzima ikahisi, hata wenye laini tatu. Siku kama hizo ni chache, lakini nguzo iliyogongwa au akaunti iliyosahauliwa kulipwa ni jambo la kila mwezi, na kwa hayo laini ya pili ya kampuni tofauti inatosha.

Mkikubaliana na mwenye nyumba, mkataba uandike mambo mawili: kwamba mnaruhusiwa kupitisha waya au kuweka dishi, na mahali gani, na kwamba mkihama, waya unabaki au unaondoka. Ombi la huduma lipelekeni siku hiyohiyo, msingoje kuhamia. Kampuni ikikuzungusha, chukua namba ya lalamiko kila unapopiga simu. Bila namba hizo, Mamlaka ya Mawasiliano haitakuwa na pa kuanzia ukifika kwao, kwa sababu watauliza kwanza kama uliwalalamikia wenye huduma. Na siku ya kuvuka, rauta, vibetri na chaja zake ziwe kwenye begi lako la mkononi. Vitu vya dukani vinapatikana Lamu, lakini si kila kimoja na si usiku wa kwanza.

Ukishapima, niandikie namba tatu za mchana na tatu za usiku, kila moja na mahali ulipokuwa umesimama, na uniambie kama kiwanda kimeezekwa juu au kiko wazi. Kikiwa kimeezekwa bati, mpango wa kebo utabadilika kidogo.